Mtani Aliyekuja na Kikapu Kitupu

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, na naikumbuka kuliko hata siku niliyokabidhiwa diploma yangu. Diploma hiyo unajua ninavyoithamini. Mpaka leo imetundikwa sebuleni kwangu hapa Mikumi, ndani ya fremu ya kioo, na kila mgeni anayeingia huisoma kabla hajaketi. Mtoto wa mjane aliyejisomesha kwa kuuza ndizi stesheni ya Kilosa, akafika chuo cha kilimo Bulgaria, akakaa miaka minne kwenye baridi ya kupasua midomo na kurudi na cheti chenye mhuri mwekundu, huyo hana sababu ya kujificha. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Lakini siku hiyo ninayotaka kukusimulia, cheti changu hakikunisaidia kitu, na aliyenifundisha ni mama yangu, mwanamke aliyeishia darasa la pili katika shule ya misheni kule Mamboya.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilipangiwa kazi ya bwana shamba katika kijiji chetu wenyewe, upande wa Masanze, na nilirudi kwa kishindo. Nilikuwa na baiskeli mpya, redio yenye mfuko wa ngozi na suruali mbili zilizopigwa pasi mpaka mkunjo unakata. Watu walikuja kunitazama kama wanavyotazama ng'ombe wa kisasa. Mama aliniandalia chumba cha mbele kiwe ofisi, nikaweka meza, kalamu tatu na daftari la wageni.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Alikuja Kilosa ujanani kukata mkonge, mguu wake ukaumizwa na toroli la shambani, na mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Alifahamiana na marehemu baba yangu tangu enzi hizo, na tulipohamishiwa kijijini, kiwanja chake kikapakana na chetu. Yeye Mwislamu, sisi Wakristo, yeye Mnyamwezi, sisi Wakaguru, na kwa hiyo tulikuwa watani. Utani huo ulianza zamani sana, enzi za misafara ya wapagazi, na wewe uliyekulia mjini huenda humjui mtani ni nani. Mtani ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana hadharani na kuchukua kofia yako kichwani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Siku ya msiba wako yeye ndiye hufika kwanza, hushika jembe na kuchimba kaburi, na huwachekesha wafiwa wakiwa katikati ya kilio.

Mama na Mzee Maganga walitukanana kila asubuhi kuvuka ua wa matete. Mimi nilikuwa nimeondoka kijana, nimekaa mbali miaka mingi, na mambo hayo yalikuwa yamenitoka. Au niseme ukweli: nilikuwa nimeyaacha makusudi. Niliona ni ushamba.

Masika ya mwaka ule mto ulifurika. Maji yaliingia kwenye mashamba ya bondeni yakasomba mahindi yaliyokwisha kufika magotini, yakaacha tope tupu. Nilizunguka na kamba yangu ya kupimia, nikaandika ripoti safi kabisa, shamba kwa shamba na mwenye shamba kwa jina. Shamba la Mzee Maganga lilikuwemo. Niliandika jina lake kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini yake, nikageuza ukurasa.

Ndani ya ofisi yangu nilikuwa na magunia mawili ya mbegu za mahindi ya muda mfupi, yale ya miezi mitatu. Nilikuwa nimezihangaikia mwenyewe na kuzisafirisha mwenyewe, nikakusudia kuzipanda kwenye shamba langu la mfano kando ya barabara ili wakubwa wakipita waone kazi ya msomi. Kijiji kizima hapakuwa na mbegu nyingine ambayo ingeweza kupandwa siku zile na kuwahi kukomaa kabla ya jua.

Basi siku hiyo, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi ofisini na mgeni, ofisa mwenzangu kutoka Kilosa mjini, amekuja kukagua shamba hilo la mfano. Mama alikuwa amekwenda Mamboya kwenye msiba wa shangazi yake. Tukasikia sauti uani.

“Hodi humu. Yuko wapi yule mtumwa wangu aliyetoroka?”

Mzee Maganga akachungulia mlangoni, barakashia imemkaa upande, miguu ina tope mpaka magotini. Akamtazama mgeni wangu, kisha akanitazama mimi kuanzia viatuni.

“Nasikia ulipelekwa Ulaya kufundishwa kushika jembe,” akasema. “Babu yako alilifahamu bila kufundishwa, fimbo ya babu yangu ilitosha. Haya, toa hizo mbegu ulizofungia. Ni mali yetu. Babu yako aliziiba kwenye mzigo wa msafara alipojifanya anatuonyesha njia. Zitoe kabla sijakuvua hiyo suruali mgeni wako akaona miguu ya korongo.”

Mgeni akacheka. Na kicheko kile, mwanangu, ndicho kilichonichoma. Niliona heshima yangu yote niliyoitafuta kwa miaka inamwagika sakafuni. Nilisimama, nikavuta kola ya shati.

“Mzee,” nikamwambia, “hapa ni ofisini. Mwenye shida ya mbegu anaandika barua ya maombi, anaipitisha kwa balozi wa nyumba kumi, balozi anaipeleka kwenye kamati, kisha anajibiwa. Njoo kesho. Na ukija, njoo na adabu.”

Alinitazama. Tabasamu lilikuwa bado usoni pake, lakini ni kama mtu aliyelisahau pale, hajui alitoe vipi. Akasema, “Haya.” Akageuka, akashuka ngazi taratibu kwa sababu ya mguu wake, akaenda zake.

Mgeni wangu alisema nimefanya vizuri, watu hawa wazoee utaratibu. Nilikubaliana naye. Siku hiyo nilikula chakula cha mchana kwa raha kabisa, sitakudanganya.

Kesho yake Mzee Maganga hakuja. Kesho kutwa hakuja. Siku ya tatu mama akarudi kutoka Mamboya, akatua mzigo wake, akanawa miguu, akaketi jikoni kuchambua mchele. Baada ya muda akauliza:

“Mtani wangu ana nini? Tangu nifike sijatukanwa.”

Nikamsimulia. Nilimsimulia nikijisifu, nikimwigiza mzee anavyochechemea na mimi nilivyosimama. Nilitegemea acheke. Mama akaacha kuchambua.

“Alikuja na nini mkononi?”

“Hakuja na kitu, mama. Alikuja na mdomo wake.”

“Kumbuka vizuri, Yohana.”

Nikakumbuka. Alikuwa na kikapu, kile cha ukindu cha mke wake, amekishika nyuma kidogo.

“Kilikuwa na kitu ndani?”

“Kitupu.”

“Mtu anayekwenda kutukana tu,” mama akasema, “anabeba kikapu cha nini?”

Mama hakupandisha sauti, hakuwahi kuwa mtu wa kupandisha sauti. Alisukuma ungo pembeni, akajifuta mikono kwenye kanga.

“Ulitaka aseme vipi, baba? Aseme, mwanangu Yohana, wanangu wanne watalala njaa, nihurumie? Mtu wa umri wa marehemu baba yako, mbele ya mgeni mwenye kalamu mfukoni? Mungu ametupa utani ili mtu mzima aweze kuomba bila kupiga magoti. Wewe ulipaswa kumtukana, halafu umjazie kikapu. Basi. Ndivyo baba yako alivyofanya, na ndivyo Maganga alivyotufanyia sisi mwaka baba yako alipokufa, wakati wewe unauza ndizi stesheni. Unafikiri ule muhogo ulikuwa unaota jikoni?”

Hilo la muhogo sikuwa nikilijua. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watu kwamba sikusaidiwa na mtu.

Kisha akaniambia jambo lililonitoa jasho. Alipokuwa akija alipita kwa Mama Zena, mke wa Maganga. Alimkuta anafua nguo moja ya mumewe na kuishona viraka. Maganga alikuwa amekwisha kusema kwamba mwisho wa wiki atarudi kwenye mkonge kuomba kazi ya kukata. Mtu wa umri ule, na mguu ule, atakaa kambini miezi, amwache mke na watoto wanne kwenye tope.

Mama akaingia chumbani, akatoka na Biblia yake iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa akisoma polepole, kidole kikifuata neno moja moja, na siku hiyo hakunisomea ila alinitafutia mahali, akaniwekea kidole hapo nisome mwenyewe. Ni pale tunapokatazwa kumwambia jirani aende zake arudi kesho, hali kitu anachokitaka tunacho.

“Umesoma Bulgaria,” akasema. “Soma na hapo.”

Nilisoma mara mbili. Neno langu mwenyewe lilikuwa limeandikwa pale kabla babu zangu hawajazaliwa, na lilikuwa limeandikwa kama kosa.

Nilifunga gunia moja nyuma ya baiskeli, nikasukuma mpaka bondeni, maana njia ilikuwa imeharibika. Saa tisa alasiri niliwakuta shambani, Mzee Maganga na Mama Zena, wanachomeka vipande vya mashina ya muhogo kwenye tope ambalo lingeviozesha vyote. Mzee aliponiona aliacha jembe. Akavua barakashia yake. Akainamisha kichwa.

“Shikamoo, Bwana Shamba,” akasema.

Mwanangu, wewe unafahamu shikamoo ni ya nani kwa nani. Mzee yule angeweza kunizaa. Nimewahi kupigwa na walimu, nimewahi kuteleza kwenye barafu nikavunjika mkono, lakini sikumbuki kitu kilichoniuma kama salamu ile. Kuitikia marahaba nisingeweza, na kunyamaza pia ni utovu wa adabu. Nilibaki nimeshika usukani.

“Mama Zena,” akamwambia mkewe, “mtandikie mheshimiwa kanga aketi. Samahani mheshimiwa, barua sijaandika bado. Balozi amesafiri.”

“Mzee, nimeleta mbegu.”

“Tunashukuru. Lakini kamati haijakaa. Nisingependa upate taabu kazini kwa ajili yangu.”

Hakuwa akinikejeli. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa ameniondoa kabisa kwenye hesabu ya watu wake, amenipa heshima anayopewa mgeni, na kutoka kwa mgeni hakuwa tayari kupokea hata punje. Nilimwomba radhi, akajibu kwamba hakuna kosa, kazi ni kazi. Nikamwambia mama amenisimulia habari ya muhogo, akajibu kwamba hayo ni ya zamani. Kila neno zuri nililolitoa lilimsogeza mbali zaidi.

Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nikibisha mlango usio wake. Nikavuta pumzi.

“Wewe mzee,” nikasema, “una… una pua mbaya.”

Mama Zena akageukia upande wa pili, mabega yakaanza kumtikisika. Mzee Maganga hakucheka.

“Pua yangu imefanya nini?”

“Ni kama… ni kama kiazi kilichochimbwa kabla ya wakati.” Nilihisi joto masikioni, lakini nikaendelea. “Na shingo huna. Babu yako alibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani hadi shingo ikaingia kifuani, akawarithisha hivyo hivyo. Barakashia yako inakaa mabegani.”

“Endelea,” akasema.

“Na siku ukifa nitakuzika na jembe mdomoni, maana nikikuzika hivi hivi utawatukana waliokutangulia mpaka wahame makaburi.”

Mama Zena alikuwa amejifunika kanga uso mzima.

“Hilo la jembe,” mzee akauliza, “umelitoa wapi?”

“Bulgaria.”

Akacheka, mwanangu. Alicheka mpaka akashika mpini wa jembe asianguke, na machozi yakamtoka, na sijui hadi leo yote yalikuwa ya kicheko au la, kwa sababu na mimi yangu yalikuwa yanatoka.

“Kumbe miaka minne haikupotea yote,” akasema. “Nilidhani wamekuharibu kabisa. Haya, shusha mbegu zangu, mtumwa. Na mama yako mwambie posa yangu iko pale pale, ng'ombe mmoja kilema, asisubiri zaidi.”

Nilivua viatu, nikakunja ile suruali ya pasi, nikaingia tope. Nilitoa kamba yangu nikawaonyesha kupanda kwa mstari na kwa nafasi sehemu zilizoinuka, ambako maji yalikuwa yamekwisha kunywea. Hapo elimu yangu ilifanya kazi, nami nasema hivyo kwa kifua mbele, kwani pale bondeni hapajapata kupandwa mahindi yaliyonyooka kama yale. Mzee alinung'unika muda wote kwamba mahindi yake yamepangwa foleni kama watu wanaosubiri sukari kwenye duka la kijiji. Asubuhi iliyofuata mama alikuja na jembe lake, akafuata balozi aliyekwisha kurudi, wakaja na wengine waliosikia, na gunia langu la pili nililigawa kwa wale walioandikwa kwenye ripoti ile ile. Mbegu kwa kila nyumba ilikuwa kidogo, lakini hakuna aliyekosa.

Shamba la mfano lilibaki majani. Wakubwa walipopita waliona majani, na nafasi ya cheo niliyokuwa nikiitegemea Kilosa mjini akapewa mwenzangu. Iliniuma, sitasema haikuniuma. Cheo nilikipata baadaye kwa jasho langu, na kikubwa kuliko kile.

Mahindi yalitoka mafupi mafupi, yenye magunzi membamba. Hayakuwa ya kupigia picha. Lakini yalikomaa, na Mzee Maganga hakurudi kwenye mkonge. Alikufa miaka mingi baadaye, nyumbani kwake, kitandani kwake, mikononi mwa mke wake na watoto wanne waliokwisha kuwa watu wazima. Kaburi lake nilichimba mimi, sikukubali mtu mwingine aanze, na niliwachekesha wafiwa kadiri nilivyoweza.

Sasa sikiliza ninachotaka ukichukue. Kumsaidia jirani wakati wa taabu ni agizo la Mungu, na hilo umelisikia kanisani tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako. Silirudii kwa sababu hulijui. Ninakuambia kwamba watu wengi tunalivunja si kwa ukatili. Tunalivunja kwa sababu taabu ilipofika mlangoni hatukuitambua. Tulikuwa tunaingoja ije ikilia, ikitaja jina lake, imeshika barua, na yenyewe ikaja ikicheka. Watu wetu hawapendi kusema nina njaa. Atakuja kukuuliza habari za mvua. Atakuja kukutania. Siku hizi atakupigia simu, akuulize upo, akusalimie watoto wako mmoja mmoja kwa majina, kisha aseme basi, nilitaka kukujulia hali tu. Usikate simu hapo. Muulize na yeye watoto wake wamekula nini.

Na ukishaelewa, usimfanye aombe mara ya pili. Kama unacho, toa siku hiyo hiyo, wala usitake akuonyeshe unyonge wake kwanza ndipo mkono wako ufunguke. Toa kwa njia itakayomwacha amesimama wima. Kwa wengine ni kwa utani, kwa wengine ni kwa kusema chukua hiki kinaharibika kwangu, kwa wengine ni kuacha kitu mlangoni na kuondoka. Utaratibu una mahali pake, mimi niliutumikia maisha yangu yote na sikuuchezea, ila usiutumie kujifichia uso wa mtu.

Jambo la mwisho ni kwa ajili yako hasa, kwa kuwa umesoma kunizidi na ninajivunia hilo kupita kiasi. Usiseme hukusaidiwa na mtu. Nilisema hivyo miaka mingi, na sikuwa mwongo, nilikuwa sijui tu ni muhogo wa nani niliokuwa nikila.

Mungu akubariki, mwanangu. Akubariki uingiapo na utokapo, aibariki kazi ya mikono yako na hao watoto wanaokuja. Akupe cha kula na cha kugawa. Na siku taabu itakapobisha kwako, maana itabisha, akuweke karibu na jirani atakayekuelewa kabla hujamaliza kusema.